Pikipiki ya Mwinjilisti Haijafa

Matinyani, Kitui
Jumanne, 17 Juni 2025

Kwa Baba Wavinya,

Pikipiki ya marehemu imekufa. Hayo yalisemwa na Kaloki, mwenyekiti wa kamati ya sherehe za kanisa la Nuu, juzi Jumapili saa saba na dakika kumi, nje ya jiko langu, baada ya kuipiga kiki mara kumi na moja. Kwenye kiki ya nane alivua koti. Baada ya ile ya kumi na moja aliketi juu ya ndoo.

Salamu zinafuata habari. Mimi sijambo. Mvua iliisha mapema lakini mbaazi zimechanua. Kavata, jirani yangu, anaumwa mgongo na anawasalimu nyote, hasa Wavinya.

Ahadi unaijua, ila nairudia ili iwe sawasawa. Mwaka 1987 mume wangu, Mwinjilisti Kitheka, aliwaambia watu wa Nuu kwamba pikipiki iliyokuwa ikimpeleka kwao kuhubiri itakuwa yao siku itakapokufa. Sasa kanisa linatimiza miaka sitini na kamati inaitaka. Watajenga msingi wa simiti mbele ya kanisa, waisimamishe hapo kwa bolti, na matairi yapakwe chokaa. Mimi nikasema kitu ambacho hakijafa hakizikwi. Tulikubaliana hivi, na imeandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano: Jumamosi tarehe 29 Novemba, siku ya sherehe, pikipiki ikiingia uwanja wa kanisa kwa nguvu zake yenyewe kabla ya saa sita mchana, inarudi nyumbani. Isipoingia, inabaki Nuu daima.

Petroli ipo. Kompreshini ipo. Fundi wa sokoni alitoa plagi, akaiegemeza kwenye injini, akapiga kiki, akasema moto upo lakini ni hafifu. Nikamwuliza hafifu kiasi gani. Akasema, "Hafifu tu, mama." Hilo si jibu.

Kwa kawaida ningempa Mwongeli ujumbe huu kwa simu, naye akakupa wewe. Jana aliniambia, nanukuu: "Mama, nimechoka kuwa waya kati yako na mume wangu. Ulisema platini, nikamwambia platini, akasema zipimwe, nikasahau zipimwe na nini. Mila ya nthoni inakataza mtu kuketi chumba kimoja na mama mkwe wake. Haijakataza karatasi." Nimewauliza wazee wawili. Wamethibitisha kwamba karatasi haijakatazwa.

Barua inakuja na dereva wa lori la ndengu. Jibu kwa njia hiyohiyo.

Ndinda
(Mama Mwongeli)


Mtito Andei, Makueni
2 Julai 2025

Kwa Mwaitu,

Nakusalimu sana, mama yetu, na nyumba yote inakusalimu. Wavinya amemaliza mitihani na anasema ilikuwa rahisi, jambo ambalo limetutia wasiwasi. Hoteli ya Mwongeli inaendelea vizuri. Madereva wa malori wanasema chapati zake ndizo zinazowafikisha Mombasa. Wiki jana ndovu walitoka mbugani wakavunja tangi la maji la lojing'i iliyo nyuma yetu, wakanywa, wakarudi walikotoka bila kuuliza bei. Vumbi ni lilelile.

Barua yako ilichukua siku kumi na tano. Dereva aliandika nyuma yake namba ya simu ya mtu wa vitunguu. Nimeinakili na kumrudishia.

Mwaitu, pole kwa maneno ya Kaloki. Nimetengeneza pikipiki miaka ishirini na mbili na bado sijaona iliyokufa. Nimeona zilizokatiwa tamaa. Ningekuja mwenyewe kesho, ila unajua, tangu lile jambo la mlango wa jikoni, Agosti 2019, nimeona heri nikae mbali kwa adabu.

Kwa hiyo utakuwa macho yangu. Pikipiki hiyo haina betri. Kuna gurudumu zito la chuma upande wa injini, flaiwili, na ndani yake kuna sumaku. Ukipiga kiki sumaku inazunguka karibu na koili, na moto unazaliwa. Moto ukiwa mdogo, tunauliza mmoja mmoja: plagi, waya, platini, kondensa, koili, sumaku. Usiruke hata mmoja.

Anza na plagi mpya. Iegemeze kwenye injini mahali penye kivuli, mtu mwingine apige kiki, nawe utazame rangi. Moto mzuri ni wa buluu, mnene, na unasikika: ta! Moto mbaya ni wa njano na ni bubu. Kata ncha ya waya wa plagi kidogo, ujaribu tena. Kisha safisha platini, vile vijichuma viwili vinavyogusana na kuachana, kwa karatasi, na nafasi kati yao vinapoachana iwe unene wa kadi ngumu ya mwaliko wa arusi.

Shika plagi kwa kitambaa kikavu. Tafadhali sana.

Mkweo,
Musyimi


Matinyani
14 Julai 2025

Kwa Baba Wavinya,

Moto ni wa njano. Nimeushuhudia mwenyewe.

Sijambo. Mbuzi mmoja amezaa pacha. Mwambie Wavinya mtihani rahisi ni ule ambao mtu hakusoma swali.

Vipimo vilifanyika Jumamosi tarehe 12, kuanzia saa nne hadi saa sita kasorobo, ndani ya banda la mbuzi, mahali pekee penye kivuli cha kutosha. Waliokuwepo: mimi, nikitazama, Kavata, akipiga kiki licha ya mgongo, na mbuzi saba. Kiki zilikuwa ishirini. Kumi na tatu zilitoa moto wa njano, wembamba wa uzi wa kushonea, rangi ya ua la mbaazi. Nne hazikutoa kitu. Mbili zilitoa mwekundu. Moja sikuiona kwa kuwa Kavata alipiga chafya nikageuka. Sauti haikusikika hata mara moja, ingawa mbuzi hawakunyamaza vya kutosha kwa mimi kuapa.

Plagi mpya: hakuna tofauti. Ncha ya waya kukatwa: hakuna tofauti. Platini zilikuwa na doa jeusi, nikasafisha. Kadi ya arusi sikuwa nayo, kwa hiyo nilipima kwa kadi ya mwaliko wa sherehe ya Nuu, iliyotiwa sahihi na Kaloki. Imetoshea barabara. Ni mchango wake wa kwanza wenye maana.

Kwenye kiki ya kumi na sita kitambaa kiliteleza. Moto hafifu bado ni moto. Nilirushwa hatua mbili. Sehemu zilizohusika si habari ya kuchapishwa.

Kuhusu jambo la mlango wa jikoni, sikumbuki jambo lolote la aina hiyo.

Ndinda


Mtito Andei
9 Agosti 2025

Kwa Mwaitu,

Salamu nyingi, na pole kwa kurushwa. Sitauliza. Mwongeli ameuliza, mimi nimetoka nje akiuliza.

Nimechelewa kwa sababu barua yako ilipita hapa ikiwa ndani ya lori, ikaenda Mombasa, ikarudi, ikapita tena, ikafika Kitui, kisha ikateremka mara ya pili. Dereva anasema alikuwa akinitafuta. Gereji yangu iko futi thelathini kutoka mahali anapokula. Matokeo ya Wavinya yametoka. Ulisema kweli kuhusu mtihani rahisi.

Vipimo vyako ni vizuri kuliko vya mafundi ninaowafahamu. Mmoja wao nikimwuliza rangi huniambia "ya kawaida". Nimesoma barua yako gerejini kwa sauti, ile sehemu ya mbuzi hawakunyamaza, na wateja wawili wameomba isomwe tena.

Doa jeusi kwenye platini linaonyesha kondensa imechoka. Nimekufungia nyingine ndani ya soksi. Soksi ni safi. Ifunge, urudie kiki ishirini.

Isiposaidia, kuna swali ambalo natamani nisiulize. Sumaku ya zamani hupoteza nguvu. Haipotezi ikiwa imekaa mahali pake, maana chuma kilicho katikati kinaishika. Ila mtu akitoa flaiwili na kuiweka kando wazi, inalegea polepole, na ikigongwagongwa inalegea upesi. Chukua spana ya kumi na tisa, iguse ndani ya flaiwili. Ikiwa nzima, utaivuta kwa mikono miwili ndipo itoke.

Sasa, Mwaitu: flaiwili hiyo imewahi kutolewa?

Musyimi


Matinyani
21 Agosti 2025

Kwa Baba Wavinya,

Spana ilianguka. Iliangukia mguu wangu wa kushoto, Jumanne saa tatu asubuhi. Kondensa mpya nilikuwa nimeifunga tayari: kiki ishirini, kumi na tisa za njano, moja ya njano zaidi. Baada ya spana nilijaribu kibanio cha nywele cha Kavata. Hicho kilishika.

Sijambo, mguu unaendelea. Kaloki alikuja Jumapili na futi ya kupimia. Alipima urefu wa pikipiki kwa ajili ya msingi wa simiti, akaandika kwenye kiganja. Nikamwambia mtu hupimiwa jeneza akiwa amekata roho. Akasema, "Mama Ndinda, tunajitayarisha tu." Nikampa chai. Sikumpa andazi.

Kuhusu swali lako. Chanzo kimoja kilicho karibu sana na familia, ambacho hakikutaka kutajwa jina, kimeeleza kwamba flaiwili ilitolewa tarehe 30 Agosti 2019, siku nane baada ya mazishi, kwa kutumia kifaa cha kuichomolea na spana za marehemu mwenyewe. Chanzo hicho kilikuwa kimemtazama akifanya kazi hiyo kwa miaka arobaini na hakikuhitaji msaada. Ilirudishwa mahali pake Mei mwaka huu, kamati ilipoanza kuuliza.

Nilipokiuliza sababu, chanzo kilisema vijana wa kanisa walikuwa wakija kuiwasha pikipiki "kwa kumkumbuka mzee", na kwamba chanzo hakikutaka kusikia mlio huo ukipanda kilima bila mwenyewe kuwa juu yake. Hakikutoa maelezo zaidi na sikukisukuma.

Katika miaka hiyo sita flaiwili ilikaa ndani ya kiondo, ikining'inia kwenye boriti ya jikoni. Si wakati wote. Chanzo kimekiri kwamba, kwa kuwa ni nzito na inakaa vizuri mkononi, ilitumika kugongomea vigingi vya mbuzi.

Nilikiuliza mara ngapi. Kilisema kila mbuzi alipohamishwa.

Ndinda


Mtito Andei
30 Agosti 2025

Kwa Mwaitu,

Sote hatujambo. Mwongeli anakusalimu. Leo sitaandika habari za ndovu.

Niliposoma neno vigingi niliketi chini. Mteja mmoja akaniuliza nani amefariki.

Tafadhali kiambie chanzo chako kwamba hakijaharibu kitu kisichotengenezeka. Kiambie pia kwamba mtu aliyeweza kutoa flaiwili ile bila kuvunja hata skrubu moja ningemwajiri kesho. Na kuhusu sababu, kiambie kwamba nimeelewa, na sina la kuongeza.

Sumaku inaweza kurudishiwa nguvu. Nina koili ya stata ya lori na betri mbili kubwa. Itoe flaiwili, ugandishe ndani yake kipande chochote cha chuma, uifunge kwa gunia na uitume. Nguvu haiwezi kutumwa kwa barua. Ningeweza ningekuwa nimeituma mwezi Julai.

Na kwa kuwa chanzo chako kimekuwa mkweli, acha nami niseme yangu, yaishe. Siku ya mazishi nilikuwa nikitoka jikoni kinyumenyume nikivuta gunia la makaa. Wewe ulikuwa ukiingia kinyumenyume ukiongea na watu wa uani, umebeba sufuria ya isyo, mahindi na maharagwe. Tulikutana mlangoni kwa migongo, tukaanguka wote wawili, wewe juu yangu, mbele ya kamati nzima ya mazishi, wazee, na Kaloki. Mkwe na mama mkwe, ambao hata kushikana mikono ni mwiko! Nikapiga mayowe. Wazee wakasema palepale kwamba jambo kama hilo huondolewa kwa blanketi, mkwe amletee mama mkwe mbele ya mashahidi. Lakini mimi nilikuwa nimeshafika barabarani kutafuta gari. Hiyo ndiyo sababu sijaja miaka sita.

Nimesema.

Musyimi


Matinyani
19 Septemba 2025

Kwa Baba Wavinya,

Flaiwili imo ndani ya gunia hili, na shoka la zamani katikati yake kwa ajili ya kuishikilia sumaku. Kaloki akiuliza nitasema imekwenda hospitali.

Taarifa yako kuhusu Agosti 2019 ina makosa matatu. Sufuria ilikuwa ya maharagwe, si ya isyo. Hatukuanguka wote wawili: wewe ulianguka, mimi niliketi. Na hukupiga mayowe wewe peke yako.

Mengine yote ni sahihi.

Ndinda


Mtito Andei
24 Oktoba 2025

Kwa Mwaitu,

Salamu nyingi sana. Nimepokea masahihisho na nimeyakubali.

Nisamehe kwa kukaa na kifaa chako mwezi mzima. Kulikuwa na shughuli. Mvua imeanza kunyesha na kila pikipiki ya Mtito Andei imekumbuka kuharibika. Pia Wavinya anarudia hesabu na ameniomba nimsaidie, sasa tunarudia sote.

Flaiwili imepona. Niliibana kati ya vipande viwili vya chuma vyenye koili, nikaipitishia moto wa betri za lori mara tano, kwa kishindo kimoja kila mara. Ukiona imeshika kipande cha chuma nilichokiweka ndani, usikitoe mpaka uwe umesimama mbele ya injini tayari kuifunga. Kitoe, funga papo hapo. Usiweke chini, usiweke kwenye kiondo, na kama kuna mbuzi anayehitaji kuhamishwa, asubiri.

Shoka lako nimelinoa.

Musyimi


Matinyani
5 Novemba 2025

Kwa Baba Wavinya,

Moto ni wa buluu. Nimeushuhudia mimi, na Kavata ameuona kwa macho yake akisema "Yesu!" Kiki ishirini, moto ishirini, na sauti inasikika kama mtu anayevunja kijiti kikavu. Mbuzi wamekimbia banda. Spana ya kumi na tisa niliivuta kwa mikono miwili na mguu mmoja.

Mimi mzima. Mvua ni nzuri. Mwongeli amenijulisha kwa simu kwamba ule mwezi haukuwa wa shughuli: kabla hujagusa flaiwili hii ulinunua sumaku sita za pikipiki kuukuu, ukazifanyia majaribio, ukaharibu mbili. Chanzo hiki nakitaja kwa jina, kwa kuwa ni mkeo.

Sasa habari mbaya. Injini haiwaki. Inapiga teke. Jumatatu ilimrudisha Kavata kwa kiki hadi akaketi kwenye pipa la maji, na mgongo wake, anasema, umenyooka. Moto unakuja, ila unakuja wakati usiofaa. Nilichunguza. Kwenye shafti ya flaiwili kuna kijishimo chenye umbo la nusu mwezi, na ndani yake hakuna kitu. Chanzo kinakumbuka kijichuma kidogo kilichoanguka uani mwaka 2019. Kinakumbuka pia kuku.

Nimejaribu kukadiria mahali pa flaiwili kwa jicho, mara kumi na nne. Haikai.

Kaloki ameshamwaga simiti. Ametuma picha. Msingi una bolti nne zilizosimama, na jina la marehemu limeandikwa kwa rangi, likiwa na kosa moja. Wanakuja kukagua Jumamosi tarehe 22. Akisema imekufa siku hiyo, watatuma gari kuibeba, na haitafika Nuu ikiwa imesimama kwa magurudumu yake.

Siombi chochote. Ninaripoti tu.

Ndinda


Mtito Andei
12 Novemba 2025

Kwa Mwaitu,

Hatujambo. Nitakuwa mfupi.

Kile kijichuma ndicho kinachoiambia flaiwili isimame wapi. Bila hicho moto wako wa buluu ni kama mhubiri mwenye sauti nzuri anayefika ibada ikiwa imekwisha. Kinachongwa kwa tupa, kwa kupima na kujaribu, mkono ukiwa juu ya shafti yenyewe. Hakiwezi kufanywa kwa barua.

Nitafika Alhamisi tarehe 20 Novemba, saa nne asubuhi. Nitasimama langoni. Sitaingia mpaka wazee wawili wawepo. Kavata asimame katikati. Jikoni sitakaribia kwa hali yoyote.

Nitakuja na blanketi. Mwaitu, nililinunua Septemba 2019, hapa hapa kwa Gathoni mwenye duka, jekundu lenye mistari. Limekaa juu ya kabati miaka sita. Kila mwaka nimelitoa, nikalianika, nikalirudisha. Lina tundu moja la nondo pembeni.

Musyimi


Matinyani
Jumatatu, 24 Novemba 2025

Kwa Musyimi,

Pikipiki ya Mwinjilisti haijafa. Hayo yalisemwa na Kaloki, mwenyekiti wa kamati, juzi Jumamosi saa tano na dakika ishirini, mbele ya wajumbe wanne, baada ya injini kuwaka kwenye kiki ya pili. Nilimwomba arudie kauli yake kwa sauti, kwa kuwa mlio ulikuwa mkubwa. Akairudia. Imeandikwa.

Utaona nimekuita kwa jina. Baada ya blanketi inaruhusiwa, na ni jina zuri. Sikuwahi kulitamka miaka kumi na tisa.

Natumaini ulifika salama Ijumaa na wateja hawakuwa wameharibika zaidi. Mwambie Wavinya hesabu aliyonitumia ni sahihi, isipokuwa namba tatu.

Naandika yaliyotokea Alhamisi ingawa ulikuwepo, kwa sababu kumbukumbu zako, kama tulivyoona, huhitaji mhariri. Ulifika saa nne na dakika kumi na mbili. Ulisimama langoni dakika ishirini na tano ingawa wazee walikuwa wameshaketi na mmoja wao alikuita mara tatu: "Musyimi, ingia, hakuna anayebeba sufuria!" Uliingia ukitazama chini, ukamkanyaga kuku. Blanketi ulilitoa kwa mikono miwili na nikalipokea kwa mikono miwili. Tundu la nondo ni dogo kuliko ulivyodai. Kisha ulichonga kijichuma kutoka kwenye bolti kwa saa moja na nusu, ukakijaribu mara tisa, na mara ya tisa kikaingia.

Iliwaka kwenye kiki ya tatu. Ulipogeuka kunitafuta nilikuwa nimekwenda bandani. Ulimwuliza Kavata kama kuna tatizo, akakwambia nimekwenda kuangalia mbuzi. Taarifa hiyo si kamili. Chanzo kilitaka kusikia mlio huo kikiwa peke yake kwanza. Kilisikia. Kinasema ni uleule. Chanzo kiko salama na kinashukuru.

Sasa safari. Kaloki amependekeza aendeshe yeye, "kama ishara". Nimemkumbusha kiki kumi na moja na ndoo. Utaendesha wewe. Mimi nitaketi nyuma, kwa kuwa njia ya Nuu aliyopita marehemu naijua kila kona, na mtu lazima ashike saa. Kavata ameuliza mama mkwe atapandaje nyuma ya mkwe wake, hata baada ya blanketi. Niliwapelekea wazee wote wawili swali hilo. Mmoja alisema inaruhusiwa. Mwingine alisema haijawahi kuruhusiwa tangu dunia iumbwe. Nimeamua hivi: blanketi litakunjwa mara nne na kuwekwa katikati yetu. Wote wawili wameridhika, kila mmoja akidhani amenishinda.

Kaloki ananiuliza afanye nini na msingi wake wa simiti. Nimemwambia watoto wa kanisa watapata mahali pa kukalia, ila aziondoe bolti.

Barua hii inakuja kwa basi la leo usiku, si kwa lori la ndengu, ili usichelewe: fika Ijumaa kabla ya giza. Barabara baada ya Mwingi ina matope, kwa hiyo funika waya wa plagi kwa nailoni, na platini ziwe zimepanguswa. Tunaondoka Matinyani Jumamosi tarehe 29 Novemba, saa kumi na moja na nusu alfajiri. Plagi ya akiba beba wewe. Saa naibeba mimi.

Ndinda